Faida ipo karatasini, pesa ziko wapi?

Kuna swali ambalo limevunja udugu wa watu wengi wanaofanya biashara pamoja, na aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini. Mimi niliulizwa siku ya Mwaka Mpya wa 2025, nyumbani kwa mama, sinia ya pilau ikiwa bado haijaondolewa mezani. Aliyeuliza ni mdogo wangu, ambaye ninamiliki naye kampuni ndogo ya kushona sare za shule mjini Nakuru, hisa nusu kwa nusu.

"Dada," akasema, "mwaka mzima cherehani hazikulala. Benki kuna elfu arobaini. Pesa ziko wapi?"

Hakusema nimezila. Lakini mimi ndiye ninayeshika kitabu cha hundi na simu ya kampuni, na mtu akikuuliza hivyo mbele ya mama mzazi hana haja ya kuongeza neno. Mama alijifanya anatafuta chumvi.

Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu leo nimeziweka kando barua zenu kuhusu vyama na mikopo, nizungumze na nyinyi wenye kampuni ndogo juu ya jambo tunalolikimbia kila mwaka: kuzitengeneza hesabu za mwisho wa mwaka sisi wenyewe, kwa mikono yetu, na kuziwasilisha panapotakiwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuwakemea wenye vioski kwa methali hiyo, kumbe sisi wenye kampuni zilizosajiliwa, tunaojiita wakurugenzi, ndio tunaotunza risiti katika maboksi ya viatu.

Niungame kwanza aibu ya zamani kidogo. Hapo awali hesabu zetu tulikuwa tukimwachia kijana mmoja mwenye duka la huduma za mtandao. Tukimpa shilingi elfu mbili, baada ya dakika kumi anatuletea karatasi yenye nembo ya Halmashauri ya Ushuru, KRA, kuthibitisha kwamba ritani imepokewa. Hatukuisoma. Siku tulipotaka cheti cha kuonyesha kwamba tumetimiza wajibu wa ushuru ili tuombe zabuni ya shule moja, tukagundua kwamba kwa mwaka wa 2021 kijana yule alikuwa ameandika sufuri kila mahali, kana kwamba kampuni haikuuza hata soksi. Ilibidi tuwasilishe ritani sahihi, tulipe ushuru wenyewe, tuongeze asilimia 5 ya adhabu kwa kuchelewa kulipa, na juu yake riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi uliopita. Zabuni ilikwenda kwa wengine.

Simlaumu yule kijana peke yake. Ritani ya kampuni ni tamko la wakurugenzi wake. Anayebonyeza kitufe ni mtu wa kutumwa tu.

Tuliokolewa na mama mmoja mhasibu aliyesajiliwa, ambaye alitutengenezea hesabu hadi za 2023, akatuambia kwamba kampuni kama yetu haina fumbo lolote ambalo mtu aliyemaliza kidato cha nne hawezi kulifumbua. Basi mapema Februari 2025, shule zikiwa zimefunguliwa na msukumo wa wateja umepungua, tukafunga duka Jumamosi moja saa nane mchana, tukaketi kwenye meza ya kukatia vitambaa, mimi na mdogo wangu, hatuzungumzi sana.

Kazi ya kwanza haikuwa hesabu bali ni kupanga. Tulinunua bahasha 12 kubwa, moja kwa kila mwezi wa 2024, tukamwaga maboksi yote mezani na kutia kila risiti katika mwezi wake. Kazi hiyo pekee ilitula saa tano. Risiti za karatasi laini, zile za mashine, zilikuwa zimefifia hadi hazisomeki. Siku hizi tunazipiga picha siku ileile. Sheria ya utaratibu wa ushuru inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano, na karatasi hizo hazidumu hata miwili.

Kisha tukachukua taarifa ya benki ya miezi 12, na taarifa ya M-Pesa ya simu ya kampuni, tukaziandika katika daftari nene: tarehe, nani, kiasi, cha nini. Pesa zinazoingia upande mmoja, zinazotoka upande wa pili. Usianze na risiti, msomaji wangu, anza na benki. Risiti yaweza kupotea, lakini benki haisahau. Ukimaliza, salio la daftari lako la tarehe 31 Desemba lazima lilingane na salio la benki na la simu, ukiondoa hundi ulizoandika ambazo bado hazijapitishwa. Lisipolingana usiendelee mbele. Utakuwa unajenga ghorofa juu ya matope.

Hadi hapo tulikuwa na pesa zilizoingia na zilizotoka. Wengi huishia hapo, wakitoa moja kwenye nyingine na kuita tofauti hiyo faida. Hapo ndipo penye kosa, na ndipo swali la mdogo wangu lilipojificha.

Hesabu za mwaka haziulizi pesa zililipwa lini. Huuliza kazi ilifanywa lini. Sare tulizopeleka shuleni Novemba ni mauzo ya 2024 hata kama mwalimu mkuu atalipa Machi. Kodi ya chumba cha Januari 2025 tuliyolipa Desemba si gharama ya 2024. Bili ya umeme ya Desemba iliyokuja Januari ni ya 2024. Kwa hiyo tuliandika orodha mbili ndogo: wanaotudai na tunaowadai. Tunaowadai ni shule na wazazi, shilingi 395,000. Wanaotudai ni wauza vitambaa wa Nairobi, 215,000. Mwaka ulipoanza tulikuwa tukiwadai watu 210,000 na tukidaiwa 180,000.

Halafu stoo. Bahati nzuri mdogo wangu, ambaye ana nidhamu kuniliko, alikuwa amehesabu majora yote jioni ya tarehe 31 Desemba, pamoja na uzi, zipu na sare zilizokuwa tayari. Kitu kimoja tulibishania. Tulikuwa na majora ya kijani kibichi tuliyonunua kwa ajili ya shule fulani, na shule hiyo ikabadilisha rangi ya sweta na sketi bila kutujulisha. Mimi nilitaka tuyaandike kwa bei tuliyonunulia. Mdogo wangu akauliza, "Nani atayanunua kwa bei hiyo?" Alikuwa na haki. Bidhaa za stoo huthaminiwa kwa bei uliyonunulia au kwa kile utakachopata ukiuza leo baada ya kutoa gharama za kuuza, ile iliyo ndogo. Majora ya kijani tukayashusha hadi chini ya nusu. Ilikuwa uchungu, lakini stoo iliyotiwa chumvi ni faida ya uongo, na faida ya uongo hutozwa ushuru wa kweli.

Stoo yote ikafika 540,000. Mwaka ulianza na 310,000.

Sasa nakuwekea hesabu yenyewe, kwa maana mifano ya vitabuni huwa safi mno. Mauzo yetu ya 2024 yalikuwa shilingi 4,180,000. Vitambaa na vifaa tulivyotumia tulivipata hivi: stoo ya mwanzo 310,000, ongeza tulivyonunua 2,150,000, toa stoo ya mwisho 540,000, jibu ni 1,920,000. Kwa hiyo faida ghafi ni 2,260,000.

Kutoka hapo tukatoa gharama za kuendesha kazi. Mishahara ya mafundi na yetu wawili, pamoja na michango ya mwajiri kama ile ya NSSF na ya nyumba, 1,260,000. Kodi ya chumba 300,000. Umeme 84,000, usafiri 96,000, kutengeneza mashine 38,000, ada za benki na M-Pesa 27,000, simu na mengineyo 35,000, leseni ya kaunti 15,000. Mwisho kabisa uchakavu wa mashine, 60,000, maana cherehani inayofanya kazi mwaka mzima haibaki na thamani ileile, hata kama hakuna aliyekuja kudai pesa hizo. Jumla ya gharama ni 1,915,000. Faida kabla ya ushuru, 345,000.

Mdogo wangu aliitazama namba hiyo kwa muda mrefu. "Laki tatu na arobaini na tano," akasema. "Na benki kuna arobaini." Tena mwaka ulianza benki ikiwa na 300,000! Kwa hakika mambo yalizidi kuniharibikia.

Hapo ndipo mizania inapoingia, karatasi ambayo wenye kampuni ndogo wengi hawaisomi. Upande mmoja unaandika kila kitu ambacho kampuni inacho tarehe 31 Desemba. Upande wa pili unaandika kila inachodaiwa na wengine, pamoja na kilicho cha wenye hisa. Pande mbili lazima zilingane hadi shilingi ya mwisho.

Zetu zilikataa. Kwa Jumamosi mbili zilipishana kwa shilingi 36,000, na nyumba ikawa baridi. Kisha nikakumbuka jambo tuliloelezwa na yule mama mhasibu: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kabla ya kumshuku mtu yeyote tafuta tarakimu zilizopinduliwa. Nikapitisha kidole kwenye daftari. Umeme, 84,000, nilikuwa nimeuandika 48,000. Tulicheka kwa mara ya kwanza tangu Mwaka Mpya.

Mizania ilipokaa sawa ilisomeka hivi. Mashine zilikuwa na thamani ya 520,000, stoo 540,000, madeni ya shule na wazazi 395,000, benki 40,000, na mstari mmoja zaidi nitakaoueleza punde, wa 45,000. Jumla 1,540,000. Upande wa pili wauza vitambaa 215,000, ushuru uliobaki 48,000, hisa tulizoanza nazo 200,000, na faida iliyobaki katika kampuni tangu ianze, 1,077,000. Jumla 1,540,000.

Na jibu la swali la pilau lilikuwa humo humo. Stoo ilikuwa imeongezeka kwa 230,000, kwa kuwa Desemba tulinunua vitambaa vya Januari. Madeni ya shule yaliongezeka kwa 185,000. Cherehani mpya ya ovaloki ilimeza 180,000. KRA ilishapokea 60,000. Pesa hazikuwa zimeliwa. Zilikuwa zimekunjwa rafuni, zimevaliwa na watoto wa watu ambao hawajalipa, na nyingine zinanguruma pale kwenye kona kwa umeme wa stima.

Isipokuwa 45,000.

Huo ndio mstari niliouruka. Tulipokuwa tukipitia taarifa ya M-Pesa, kulikuwa na malipo matatu ya shule ambayo hayakuwa ya kampuni. Ni karo ya mwanangu, muhula wa kwanza, wa pili na wa tatu, jumla 130,000. Kila mara nilijiambia nitarudisha. Oktoba nilirudisha sehemu bila kujua kwamba ninarudisha, niliponunua kitambaa cha 85,000 kwa akiba yangu ya SACCO kwa vile simu ya kampuni ilikuwa tupu. Kwa hiyo niliidai kampuni 85,000, nayo ikanidai 130,000. Ukitoa, mimi dada mkubwa nilikuwa na deni la 45,000.

Hakuna aliyenishika. Daftari ndilo lililonishika, tena nililiandika kwa mkono wangu. Nikamsomea mdogo wangu mstari huo kwa sauti. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nilidhani ni zaidi." Msomaji, sijui kama umewahi kufarijika na kuona haya kwa wakati mmoja.

Nikae hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kampuni nyingi za jamaa zinapozama. Kampuni si wewe. Kisheria ni mtu mwingine kabisa, mwenye jina lake, nambari yake ya ushuru na mkoba wake. Hata kama hisa zote ni zako, karo ya mtoto wako si gharama yake. Ukiiandika kama gharama, KRA ikikagua itairudisha katika faida, nawe utaulizwa kama hayo si marupurupu yako yanayostahili kukatwa ushuru. Ukiiandika kama mkopo, sheria ya kampuni haipendi mkurugenzi akope kimyakimya. Inataka wenye hisa waidhinishe, na mkopo wa riba nafuu kwa mkurugenzi una ushuru wake ambao mwajiri hulipa. Njia iliyo safi ni mshahara unaokatwa ushuru kila mwezi, na faida ikipatikana, gawio kwa kila mwenye hisa. Mengine yote fungulia ukurasa wake katika daftari, uandike jina lako juu, na usiogope kuusoma.

Mimi nilikatwa 15,000 katika mshahara wa Machi, Aprili na Mei. Imekwisha.

Sasa tuelekee kwa KRA, na hapa nitakwenda mbio kidogo. Faida ya hesabu zako siyo faida ya kutozwa ushuru. Uchakavu uliojikadiria unaurudisha, kisha unatoa posho ya uchakavu kwa viwango vya sheria. Magari na kompyuta, kwa mfano, ni asilimia 25 kwa mwaka, samani asilimia 10. Deni bovu unaweza kulitoa ikiwa unamjua mdaiwa na una ushahidi kwamba halilipiki, lakini kutenga kiasi cha jumla hivi hivi kwa hofu tu hakukubaliki.

Tena kuna ankara. Tangu Januari 1, 2024 gharama isiyo na ankara ya mfumo wa kielektroniki wa KRA, eTIMS, haikubaliwi wakati wa kukadiria ushuru, isipokuwa chache kama mishahara. Sisi tulikuwa tumenunua vifungo na lastiki za 40,000 kwa akina mama wa sokoni wasio na ankara hiyo, na zote zikarudishwa katika faida. Mwishoni mwa Desemba 2024 sheria ililegezwa, na mnunuzi akaruhusiwa kutoa ankara mwenyewe kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Kama unanunua mayai, maziwa au vifungo kwa watu wa chini, jifunze hilo upesi.

Hesabu yetu ikawa: 345,000, ongeza 60,000 za uchakavu, ongeza 40,000 za vifungo, toa 85,000 za posho ya sheria. Zinabaki 360,000. Ushuru wa kampuni ni asilimia 30, yaani 108,000. Tulikuwa tumelipa awamu nne za 15,000 kila moja, ambazo kwa kampuni inayofunga mwaka Desemba huangukia tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Awamu hizo ni kwa yule ambaye ushuru wake wa mwaka unazidi 40,000. Salio la 48,000 lilipaswa kulipwa kabla ya Aprili kwisha. Ritani yenyewe ina hadi Juni 30, yaani miezi sita baada ya mwaka kufungwa. Watu wengi huchanganya tarehe hizo mbili, wakangoja Juni kulipa, na riba ikawa imeanza kutambaa tangu Mei.

Huenda unajiuliza juu ya ule ushuru wa mauzo, wa asilimia 3, ambao ni kwa biashara zenye mauzo yanayozidi milioni 1 lakini hayazidi milioni 25. Ni rahisi, hautaki mahesabu mengi, nao hulipwa kila mwezi. Lakini hutozwa juu ya mauzo hata kama ulipata hasara. Kwetu ungekuwa 125,400, zaidi ya 108,000. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna kwamba umechagua kutozwa kwa faida, nasi tulikuwa tumeandika. Anayeuza bidhaa zenye faida nyembamba aketi na kalamu kabla ya kuchagua. Mwenye faida nono huenda akaona ule wa mauzo ni nafuu.

Fomu ya kampuni katika iTax ni kitabu cha hesabu unachokipakua, ukakijaza bila haraka hata kama stima imepotea, kisha kikajikagua chenyewe na kukueleza makosa kabla hujakituma. Jaza kwa kunakili kutoka kwenye hesabu zako zilizotiwa sahihi na wakurugenzi, si kwa kubuni papo hapo. Ukishatuma, chapisha ile stakabadhi na uisome. Narudia, uisome. Ukichelewa, kampuni hutozwa asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa au shilingi 20,000, ile iliyo kubwa. Na kampuni ambayo haikufanya biashara kabisa bado inatakiwa ipeleke ritani, ikisema sufuri ya kweli.

Ukitoka kwa KRA usidhani umemaliza. Mlango wa pili ni wa Msajili wa Kampuni, ambaye siku hizi hupatikana kupitia eCitizen. Yeye anataka ritani ya kila mwaka inayofuata siku kampuni iliposajiliwa, wala haifuati Desemba: wakurugenzi ni nani, wenye hisa ni nani na hisa ngapi, anwani iko wapi. Tangu 2020 anataka pia majina ya wamiliki wa kweli, kila mtu mwenye angalau asilimia 10 ya hisa. Kuna mzee mmoja hapa kwetu aliyelipa ushuru kwa uaminifu miaka yote, lakini hakuwahi kupitia mlango huu wa pili. Alipotaka kuuza nusu ya kampuni kwa mwanawe, shughuli ilikwama miezi mingi akisafisha ritani za nyuma moja baada ya nyingine, na Msajili ana uwezo wa kuifuta kampuni anayoona kwamba imekufa.

Na mkaguzi wa hesabu je? Sheria ya Kampuni ya 2015 inazipa nafuu kampuni ndogo, zile ambazo mauzo yake hayazidi milioni 50 na mali yake halisi haizidi milioni 20. Kampuni ya binafsi ya namna hiyo yaweza kuwa na hesabu zisizokaguliwa. Hata hivyo benki ikikukopesha, au ukiomba zabuni kubwa, mara nyingi utaombwa hesabu zilizokaguliwa, nao ukaguzi hufanywa na mhasibu mwenye kibali cha ICPAK wala si mtu yeyote mwenye kompyuta na mhuri. Ushauri wangu ni kwamba hata usipohitaji ukaguzi, mlipe mhasibu wa kweli saa mbili azipitie hesabu ulizotengeneza mwenyewe. Yule mama alituona kosa moja: posho ya cherehani mpya tulikuwa tumeisahau kabisa, na hapo ndipo 85,000 zilipotoka. Ada yake ilijilipa.

Lakini usimpelekee boksi la viatu. Ukimpa boksi utalipia kazi ya kupanga karatasi, kazi ambayo mtoto wako wa darasa la saba angeifanya kwa soda.

Siku hizi mdogo wangu ndiye anayeandika daftari, kila Ijumaa saa kumi na moja, nami ndiye ninayezifuata shule zilipe. Tulibadilishana. Yeye ni mkali kwa tarakimu, na mimi, kwa mujibu wake, ninajua kuwasumbua watu. Deni la mwalimu mkuu mmoja lililokuwa na miezi saba nililipata baada ya kuketi nje ya ofisi yake asubuhi tatu mfululizo, nikifuma kitambaa.

Wale wanne mlioniandikia kuhusu VAT kwa biashara zinazokaribia mauzo ya milioni 5, barua zenu ninazo na zamu yenu ni Jumapili ijayo. Na ikiwa mwaka wa kampuni yako unafungwa Desemba kama wetu, jioni ya tarehe 31 sisi tutakuwa stooni tukihesabu majora. Mama amesema safari hii atakuja. Anasema atahesabu vifungo.